Violeti za Usambara hapa Goma: majani tele, maua hakuna, ukoko mweupe juu ya udongo

Furaha_wa_Himbi (Goma)

Jambo kwenu wote.

Jirani yangu alipohamia Bujumbura aliniachia violeti zake za Usambara. Zilikuja zimejaa maua, ya zambarau na meupe, hadi wageni walikuwa wanayagusa wahakikishe si ya plastiki. Leo majani yapo, mapana, kijani kibichi, ila maua yamekata. Tena kuna vitu vitatu sivielewi. Juu ya udongo na kwenye mdomo wa kopo kumetokea ukoko mweupe. Kikonyo cha jani kikilalia pale penye ukoko kinageuka rangi ya kutu, halafu kinaoza. Na juu ya majani kuna viduara vya manjano, vingine vimeshikana.

Namwagilia kila asubuhi, maji ya bomba, kikombe kidogo kidogo. Ziko dirisha la kaskazini kwa sababu nilisoma kwa Kifaransa kwamba violeti inataka kaskazini isipigwe na jua. Udongo ni huu wetu mweusi wa parseleni (uwanja wa nyumbani), ambao hata mbegu ya boga ikikudondoka bila kujua utakula maboga.

Nani anazilea hapa mjini? Na tafadhali msiniambie nikanunue udongo maalumu wa violeti. Nimezunguka, haupo.

Mchochezi_Birere (Goma)

Dada, ua lisiloliwa ndilo linakunyima usingizi? Weka lengalenga hapo dirishani, jioni unapika.

Papa_Makoro (Ndosho, Goma)

Mchochezi, wewe unafuga njiwa na hatujawahi kukuuliza unawachinja lini. Mwache mtoto wa watu.

Furaha mwanangu, jambo. Hizi nazilea tangu mbele ya volkano ya 2002, tuanze na dirisha.

Huyo aliyeandika "kaskazini" anakaa Ulaya. Kwake jua linapita upande wa kusini mwaka mzima, ndiyo maana dirisha la kaskazini kwake ni kivuli. Sisi Goma tuko kusini ya ikweta lakini hata digrii 2 hatufiki. Jua la Juni kwetu linapita kaskazini, la Desemba linapita kusini. Maana yake dirisha lako katikati ya mwaka linachomwa saa sita, na kuanzia Oktoba mpaka Februari linakaa na mwanga hafifu. Ua halijui lishike lipi. Lihamishie mashariki. Jua la asubuhi linaingia kila mwezi, na hadi saa tatu halijawa kali. Likianza kuuma, vuta rido (pazia) nyepesi.

Hakuna kipimo cha kununua. Saa sita mchana nyoosha mkono juu ya majani. Ukiona kivuli chenye kingo laini, mwanga unatosha. Usipoona kivuli, ni giza, utapata majani tu, sawa na unavyopata sasa. Kivuli kikiwa kikali, kimekatwa wembe, sogeza ndani. Majani yenyewe pia yanasema: vikonyo vikirefuka na kusimama wima, yanatafuta mwanga. Yakiinama kukumbatia kopo na kupauka, umezidisha.

Viduara vya manjano ni maji ya baridi. Jani limeshapata joto la dirishani, wewe unalimwagia maji ya asubuhi yaliyolala kwenye bidoni. Ngozi ya juu ya jani inastuka, kijani chake kinakufa pale tone lilipotulia. Duara hilo haliponi tena, usihangaike kulitibu. Tumia maji yaliyokaa ndani ya nyumba mpaka mkono usisikie baridi wala moto, na mwagia pembeni kwenye udongo. Maji yakituama katikati, pale kwenye moyo, unaozesha mmea mzima.

Kuhusu ukoko nina maneno mengi, lakini kengele ya kanisa imelia. Nitarudi.

Ya_Bahati (Ibanda, Bukavu)

Furaha mdogo wangu, huku Bukavu ukoko wa namna hiyo siuoni, nadhani kwa sababu bomba letu linaletewa maji ya mtoni, si ya ziwa. Wataalamu watasema.

Mimi nakujibu juu ya udongo. Udongo wa parseleni ni mzuri ukiwa parseleni. Ukiutia kwenye kopo na kuumwagilia kila siku unashikana, hewa inakosa njia, na mizizi ya violeti ni myembamba, haina nguvu ya kupasua udongo mzito. Mmea unaozea chini huku juu unaonekana mzima. Dalili yake ni moja ambayo watu wanaisoma vibaya: majani yanalegea, yanalala. Mtu anafikiri ni kiu, anaongeza maji. Gusa udongo kwanza. Majani yamelegea na udongo umelowa, hapo mizizi imekufa, ukimwagia unaimaliza.

Kila asubuhi ni nyingi mno. Inua kopo kwa mkono. Likiwa jepesi, mwagia. Likiwa zito, endelea na kazi zako.

Na kopo lisiwe kubwa. Upana wa kopo uwe kama theluthi moja ya upana wa majani. Violeti ikipewa nyumba kubwa inajaza mizizi kwanza, maua inayasahau. Vile vikopo vidogo vya tomate vinafaa kwa watoto wake, lakini vina kutu, mimi napenda vya yaguti, natoboa chini kwa msumari wa moto.

Halafu jaribu utambi. Unachukua kamba ya nailoni (si ya pamba, pamba inaoza), unaipitisha kwenye tundu la chini hadi katikati ya udongo, ncha ya pili inaingia kwenye chombo cha maji. Maji yanapanda yenyewe kama mafuta ya taa. Nasafiri juma zima, narudi nazikuta zinachanua.

Agro_Keshero (Goma)

Yaya Bahati, utambi kwa Bukavu sawa. Kwa Goma na maji yetu naomba nipinge kwa heshima.

Bomba la Goma linavuta Ziwa Kivu. Maji ya juu ya ziwa hili yana pH (kipimo cha tindikali, ikishuka tindikali imezidi) ya karibu 9 na chumvi zaidi ya gramu 1 kwa kila lita, nyingi ikiwa ni bikaboneti za sodiamu na magnesi. Inatoka kwenye chemchemi zinazopita ndani ya miamba ya volkano na kumwagika ziwani, nyingine chini kabisa. Kwa mtu ni maji ya kawaida ukishayasafisha. Kwa violeti ni shida, kwa sababu inataka udongo wenye tindikali kidogo, pH 6 na pointi, na haipendi chumvi kabisa.

Sasa angalia kinachotokea kwenye kopo. Maji yanaondoka kwa hewa, chumvi haiondoki. Kila kikombe cha dada Furaha kimeacha kidogo. Ndio huo ukoko. Kikonyo kikilala juu yake kinaungua, ndiyo rangi ya kutu. Na pH ikipanda, madini ya chuma yanafungwa ndani ya udongo, mmea hauyapati hata kama yamejaa, na majani mapya yanatoka ya njano.

Utambi unafanya jambo hili kuwa baya zaidi. Maji yanatoka chini kwenda juu tu, hakuna siku yanasukuma chumvi itoke nje. Kwa maji ya ziwa, mwagia kutoka juu, na mara moja kwa mwezi mimina maji mengi, hata mara tatu ya ujazo wa kopo, polepole, yatoke yote chini, na sahani uimwage. Usiache kopo likae ndani ya maji hayo liyanywe tena.

Furaha_wa_Himbi

Aksanti sana Papa, Yaya, na Agro. Dirisha nimeshahamisha. Swali: nikichemsha maji? Nyumbani tunachemsha ya kunywa kila siku kwa ajili ya kolera, si kazi ya ziada.

Agro_Keshero

Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi hakuiondoi. Maji yenye chokaa nyingi yanapochemshwa chokaa inaganda chini ya sufuria na yanakuwa laini, hiyo ni kweli, lakini ya Kivu yana sodiamu na magnesi zaidi ya chokaa. Tena sehemu ya maji inapanda na mvuke, kwa hiyo unachobaki nacho kina chumvi zaidi ya ulichoanza nacho.

Wengine wanatia siki au ndimu. Hiyo inapunguza bikaboneti na kushusha pH, sikatai. Sodiamu lakini inabaki palepale.

Anayetaka kuona kwa macho atengeneze chai ya bisapu (rosela), ile nyekundu, adondoshe matone machache kwenye glasi ya maji ya ziwa. Nyekundu inapotea, inaelekea buluu au kijani. Dondoshea na kwenye maji ya mvua, utaona tofauti.

Furaha_wa_Himbi

Basi ya mvua. Tuna tangi chini ya manjanja (mabati ya paa).

Mama_wa_Rusayo

Ya mvua? Waulizeni na sisi tunaokaa chini ya mlima.

Volkano ikitoa moshi mwingi, upepo wa juu mara nyingi unausukuma magharibi, kwetu, mpaka upande wa Sake. Mvua ikinyesha kupitia moshi ule, majani ya maharage yanaota madoa ya kahawia, mabati yanaliwa na kutu, na watu wa afya wamekuwa wakituambia kuhusu meno ya watoto na florini iliyo kwenye maji. Ninyi wa Himbi mna nafuu, siyo kwamba mko salama. Msimwambie mtu mvua ni maji safi kama tuko Kisangani.

Agro_Keshero

Mama ana haki, nilikuwa naandika hilo. Gesi za volkano zikiyeyuka kwenye mvua zinakuwa tindikali: ya salfa, ya kloridi, na florini ndani yake. Siku ya moshi mzito mvua inaweza kuwa na pH chini ya 4.

Papa_Makoro

Nimerudi. Naona mmefika mpaka pale nilipotaka mfike, mkasimama.

Maji ya ziwa ni makali upande huu, ya mvua ni makali upande ule. Miaka yote mimi nachanganya. Mvua mbili, ziwa moja. Siku moshi ukiwa mwingi nachanganya nusu kwa nusu. Mbele ya hapo, mvua ya kwanza baada ya siku za ukavu siikingi kabisa, naiacha ioshe manjanja, kuna majivu na vumbi la barabara na mavi ya ndege. Baada ya robo saa hivi ndipo nageuza bomba liingie kwenye pipa. Napitisha kwenye kitambaa. Sijui kemia yake, najua maua yapo.

Agro_Keshero

Kemia yake ni hii, Papa: bikaboneti ya ziwa inakula tindikali ya mvua, hewa ya ukaa inatoka, pH inatulia. Na kwa kuwa maji ya mvua karibu hayana chumvi, chumvi ya ziwa inashuka hadi theluthi. Florini inabaki, ila imepungua na yenyewe kwa ajili ya mchanganyiko. Kwa maua sina neno. Kwa kunywa, msichukue uzi huu kama ruhusa.

Mama_wa_Rusayo

Hapo sawa.

Furaha_wa_Himbi

Nimejaribu ile ya bisapu. Ya bomba imekuwa kijani-buluu kweli, watoto wameshangilia. Mchanganyiko wa Papa umebaki na rangi ya zambarau. Sasa udongo: Yaya kasema wa parseleni haufai peke yake. Nichanganye na nini?

Papa_Makoro

Kwani jina langu unadhani nilipewa kwa nini?

Chukua makoro (mawe ya volkano), yale mepesi yenye matundu, si yale mazito ya kujengea. Ponda kwa nyundo ndani ya mfuko wa sandarusi yasikurukie machoni. Chekecha mara mbili. Chekecheke ya kwanza inatoa mawe makubwa, ya pili inatoa unga. Unachotaka ni punje za ukubwa wa mchele au kubwa kidogo. Unga wenyewe tupa au tia kwenye bustani, ukiuacha unaziba kila tundu na umerudi ulikotoka. Osha punje mpaka maji yatoke safi.

Halafu tafuta udongo wa majani yaliyooza, wa chini ya miti, mweusi na mwepesi. Makopo mawili ya huo, kopo moja la makoro, na nusu kopo la vipande vidogo vya makala (makaa ambayo hayajawaka, si jivu! jivu linapandisha pH tena). Mimina maji yanayochemka juu ya mchanganyiko wote, funika, acha upoe hadi kesho. Hiyo inaua mayai ya wadudu na mbegu za ukungu.

Watu wa nje wananunua mawe meupe ya kupikwa kiwandani ili udongo upate hewa. Sisi tumelala juu yake na tunayalaumu kwa kukata viatu.

Mwana_Muheza (Tanga)

Habari za Kongo. Nimefuata uzi huu kimya, lakini mzee hapo juu akitaja mawe nimeshindwa kuvumilia.

Mimi ni wa Muheza, na hilo ua ni la milimani kwetu, Usambara ya Mashariki, upande wa Amani. Wengi humu hamjaliona porini, kwa hiyo niseme linavyokaa. Mara nyingi liko juu ya mwamba. Unapita karibu na kijito, chini ya miti mikubwa, unaona jiwe lina ufa, ndani ya ufa kuna kuvu na majani yaliyooza kiasi cha kiganja, na humo ndimo lilimoota. Maji yanateremka, hayasimami. Jua linafika vipande vipande kupitia majani ya miti. Miti ikikatwa, mwamba unakauka na ua linakufa hata kama hakuna aliyeligusa. Hilo ndilo linaloyatishia kwetu, pamoja na Milima ya Uluguru na Nguru ambako yako mengine, na Taita kule Kenya. Mahali pengine aina nzima imebaki kwenye miamba michache.

Kwa hiyo mzee wa Goma na makoro yake amelirudisha kwao bila kupanda basi.

Aliyelipeleka Ulaya ni Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya enzi zao. Mwaka 1892 alimtumia baba yake Ujerumani, baba akalipeleka bustani ya Herrenhausen, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliandika na kulipa jina la ukoo huo. Miaka ya 1920 kampuni moja ya miche kule California, Armacost na Royston, ikaotesha mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua mimea kumi, ikaieneza. Mengi mnayoyaona dukani Kigali au Nairobi asili yake imepita hapo. La porini mara nyingi ni la buluu au zambarau, petali tano, dogo. Marinda na waridi na nyeupe ni kazi ya watu.

Jambo moja la kuchekesha: ukiangalia ua lake vizuri, kile kijiti cha kike kinainama kushoto kwenye ua moja na kulia kwenye jingine, katika mmea uleule.

Mchochezi_Birere

Nimeangalia la jirani. Ni kweli linainama. Sikusema kitu.

Kabwe_Lushi (Lubumbashi)

Ba ndugu ba Kivu, muko na bahati ya hewa. Mi niko Lubumbashi, Bel-Air. Huku Juni na Julai usiku baridi inashuka chini ya digrii 10, na violeti ikikaa chini ya 15 siku nyingi inasimama kukua, majani yanakuwa magumu na kujikunja. Usiku nazitoa dirishani naziweka juu ya kabati, kioo ni barafu. Utambi nautoa kabisa miezi hiyo, kwa sababu udongo ukilowa na baridi pamoja, mizizi haibaki.

Agosti na Septemba inakuja shida ya pili, ukavu. Vumbi jekundu linaingia hata ukifunga. Jani la violeti lina manyoya, vumbi likishika halitoki kwa kupuliza. Natumia burashi laini ya kunyolea ndevu, kutoka kikonyoni kwenda nchani. Mara chache naosha kwa maji vuguvugu na naacha zikauke kivulini kabla ya kurudi dirishani. Kwa unyevu naweka sahani ya mawe na maji chini, kopo likae juu ya mawe, lisiguse maji.

Maji yetu sisi ya kisima yana chokaa. Kwetu kuchemsha kunasaidia kidogo, tofauti na Goma. Nimefurahi kujua sababu.

Swali langu: kwapani mwa majani nimeona vitu vyeupe vya pamba. Dawa?

Ya_Bahati

Kabwe, hao ni wadudu wa pamba. Kijiti cha masikio, kichovye kwenye alkoli ya duka la dawa, ile ya 70, gusa mmoja mmoja. Rudia kila juma mpaka wasirudi, na tenga mmea huo na wenzake. Ukiona shida nyingine, moyo umebana, majani madogo ya katikati yamekakamaa na yana manyoya ya kijivu, hao ni utitiri wasioonekana kwa macho. Huo tupa na udongo wake. Nimeona watu wanauhurumia, wanapoteza dirisha zima.

Furaha_wa_Himbi

Nimerudi na habari. Nimebadilisha udongo wote, nimeondoa majani ya chini yaliyooza, na shingo iliyobaki wazi nimeizika hadi chini ya majani kama Papa alivyoniandikia pembeni. Majani mapya yamekuja safi, hayana viduara. Moja imetoa vitumba. Halafu vitumba vikaanguka kabla ya kufunguka! Sikubadilisha maji.

Agro_Keshero

Dirisha la mashariki liko karibu na wapi mnapopikia?

Furaha_wa_Himbi

Mvua ikinyesha mbabula (jiko la makaa) inaingia kwenye barza, na barza iko nyuma ya dirisha hilo. Mnasema ni moshi?

Agro_Keshero

Moshi na hata hewa usiyoiona. Makala yakiwaka yanatoa gesi nyingi, mojawapo etilini, ambayo ndiyo hiyohiyo ndizi zinazoiva zinaitoa. Violeti inadhurika upesi sana na etilini, inadondosha maua na vitumba wakati majani hayaoneshi kitu. Sogeza mbabula, funga dirisha mnapopika, na usiweke kopo karibu na kikapu cha matunda. (Na ninyi wenyewe msikae na mbabula mahali palipofungwa, hiyo ni habari ya watu si ya maua.)

Mbolea unatia?

Furaha_wa_Himbi

Bado. Nina NPK 17-17-17 iliyobaki ya shambani.

Agro_Keshero

Robo ya kijiko cha chai kwenye lita 4. Loweka usiku, tumia maji ya juu, masira (mashapo) ya chini mwagia kwingine. Mara moja kila juma mbili inatosha, na udongo uwe na unyevu kwanza, usiutie kwenye udongo mkavu. Yurea usiguse, inaunguza mizizi hii. Kumbuka mbolea yenyewe ni chumvi, kwa hiyo lile suuza la kila mwezi ndiyo lazima zaidi.

Furaha_wa_Himbi

Zinachanua. Picha nimeweka. Ile nyeupe ina ukingo wa kijani ambao hata jirani hakuwahi kuniambia.

Sasa dada zangu wawili na mwalimu wa mtoto wanataka. Ninazizalishaje?

Papa_Makoro

Jani. Usichukue la chini kabisa, limezeeka, wala la moyoni. La katikati, lenye afya. Kata kikonyo mshazari kwa wembe safi, kibaki cha sentimita 2 au 3. Kisimike kwenye udongo wetu uleule, ongeza makoro kidogo, jani lenyewe lisiguse udongo. Funika na chupa ya maji iliyokatwa chini, kizibo toa pate hewa. Mwanga, si jua.

Mizizi inakuja mwezi wa kwanza. Watoto wanachungulia mwezi wa pili au wa tatu, wakati mwingine wanne watano kwenye kikonyo kimoja. Wasipokuja na jani bado zima, kata ncha ya jani juu, theluthi moja, litaacha kujinenepesha na kuanza kuzaa. Wakifika theluthi ya jani mama, watenganishe, kila mmoja kopo lake dogo. Maua yataanza nusu mwaka baada ya hapo au zaidi kidogo.

Bahati, wewe ile yako ya mistari uliniahidi jani. Boti inakuja Ijumaa.

Ya_Bahati

Papa, nakutumia, shikamoo. Kikonyo nitakifunga na karatasi ya choo yenye unyevu, majani yatakaa kwenye kopo la biskuti, baharia namjua. Yatafika mazima, jani la violeti linavumilia siku kadhaa likiwa na unyevu na kivuli.

Lakini nina malalamiko. Ile ya mistari, nyeupe na zambarau inayozunguka, nilizalisha kwa jani mara nyingi. Watoto wote wanatoa zambarau tupu. Hakuna hata mmoja mwenye mstari. Nilifikiri ni mwanga.

Agro_Keshero

Si mwanga. Hiyo yako ina tishu za aina mbili zilizokaa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na urithi wake, na mistari inatokea kwa sababu matabaka hayo yamepangwa hivyo. Mtoto wa jani anaanza kutoka kwenye seli za tabaka moja, kwa hiyo anabeba rangi moja. Ukitumia jani hutapata mistari ila kwa bahati ya ajabu.

Inabidi uanze na kitu ambacho tayari kina moyo wenye matabaka yote. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni vichipukizi vya pembeni, vile ambavyo kwa violeti nyingine tunaving'oa mapema kwa sababu vinaiba nguvu ya maua na kuharibu umbo. Kwa hii usiving'oe, viache vifike majani manne au matano ndipo uvikate na kuviotesha. Ikiwa haitoi, ondoa moyo wake wa kati kwa ncha ya kisu, mmea utalazimika kutoa pembeni.

Ya_Bahati

Nikitoa moyo na usipotoa pembeni? Ninao mmoja tu.

Papa_Makoro

Anza na ile ya pili, bua la ua. Mmoja tu hachezewi moyo.

Agro_Keshero

Papa yuko sahihi, ndiyo ya pili. Chagua bua nene ambalo maua yake ya kwanza yamefunguka. Kati ya bua utaona vijani viwili vidogo vinavyotazamana. Kata maua yote juu yake, kata bua sentimita 1 hivi chini ya vijani hivyo, simika mpaka kwapa za vijani ziguse udongo. Funika na chupa ileile. Kichipukizi kinatokea kwenye kwapa, kinachukua muda kuliko jani, na mabua mengi yanaoza njiani, kwa hiyo simika yote yatakayotoka msimu huu na usimwambie mtu atapata lini.